Manuelito: Kiongozi wa Wanavajo aliyerudi na watu wake nyumbani, maji yakabaki deni

Tarehe mosi Juni mwaka 1868, katika kambi ya kijeshi ya Fort Sumner kando ya Mto Pecos huko New Mexico, viongozi 29 wa Wanavajo walisogea mezani mmoja baada ya mwingine kutia sahihi mkataba wa amani na Marekani. Karibu wote waliweka alama ya msalaba tu, kwa kuwa hawakujua kusoma wala kuandika lugha iliyotumika katika karatasi ile. Mmoja wao alikuwa Manuelito, shujaa wa vita aliyekuwa amekubali kusalimu amri miaka miwili tu kabla ya siku hiyo. Mwaka 2023, majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliisoma upya karatasi hiyohiyo ili kuamua iwapo serikali ina wajibu wa kuwahakikishia Wanavajo maji. Kati ya tarehe hizo mbili imo historia ya taifa zima, na maisha ya Manuelito ndiyo ufunguo wake.

Mtoto wa nchi ya milima minne

Manuelito alizaliwa karibu mwaka 1818 katika eneo la Bears Ears, ambalo leo limo kusini mashariki mwa jimbo la Utah. Jina la Manuelito alipewa na watu waliozungumza Kihispania. Kwao aliitwa Hastiin Ch'il Haajiní, na alipokuwa mdogo alijulikana kwa jina lenye maana ya Mvulana Mtakatifu. Alikuwa wa ukoo wa Bit'ahnii, ukoo wa mama yake, kwani Wanavajo hufuata nasaba ya upande wa kikeni, na kwa desturi yao nyumba na kondoo ni mali ya mwanamke.

Watu hao hujiita Diné, maana yake watu. Nchi yao, kwa imani yao, imewekewa mipaka na milima minne mitakatifu ambayo leo imo katika majimbo ya Colorado, New Mexico na Arizona. Ni nchi kavu, ya mawe mekundu na mabonde marefu, ambako mvua ni haba na chemchemi huhesabika. Humo walilima mahindi, maboga na mipichi, wakafuga kondoo na farasi. Kondoo alikuwa chakula, vazi, mahari na benki. Mtu asiye na kondoo alihesabiwa kuwa hana watu.

Lakini nchi hiyo haikuwa na utulivu. Kwa vizazi vingi Wanavajo na walowezi wa New Mexico, kwanza chini ya Hispania na baadaye chini ya Mexico, walivamiana na kunyang'anyana mifugo. Walowezi walichukua pia wanawake na watoto, wakawafanya watumwa katika nyumba na mashamba yao. Manuelito alikulia katika hali hiyo ya tahadhari. Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alimwoa binti wa Narbona, mzee tajiri wa mifugo aliyeheshimika kuliko viongozi wote wa wakati huo, na akahamia kwa wakwe zake kama desturi ilivyotaka. Mwaka 1835 Narbona aliongoza shambulio lililovunja jeshi la wavamizi kutoka Santa Fe katika njia ya milimani. Kijana Manuelito anasimuliwa kuwa miongoni mwa waliopigana siku hiyo.

Narbona alijua pia thamani ya amani. Majeshi ya Marekani yalipoiteka New Mexico mwaka 1846, mzee huyo aliona kwamba silaha za wageni hao zilikuwa za aina nyingine, akashauri mazungumzo. Tarehe 31 Agosti 1849 alikwenda kuzungumza na msafara wa kijeshi wa Kanali John Washington. Mazungumzo yalipokaribia kumalizika, uliibuka ubishi kuhusu farasi mmoja aliyedaiwa kuwa wa wizi. Wanavajo walipoanza kuondoka kwa hofu, askari waliwafyatulia risasi na mizinga. Narbona, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aliuawa pamoja na wenzake kadhaa, na ngozi ya kichwa chake ikachunwa kama kumbukumbu ya ushindi. Kwa mkwe wake Manuelito, somo la siku ile halikusahaulika. Mtu aliyeamini mazungumzo kuliko wote ndiye aliyekufa akiwa mezani.

Ngome juu ya malisho

Mwaka 1851 Wamarekani walijenga ngome ya Fort Defiance ndani ya nchi ya Wanavajo, wakaipa jina lenye maana ya ukaidi. Wenyeji wanapaita mahali hapo Tséhootsooí, yaani uwanda wa majani kati ya miamba. Jina hilo linaeleza ugomvi wote uliofuata. Ngome ilijengwa penye chemchemi na malisho bora, na farasi wa jeshi wakahitaji majani yaleyale yaliyolisha mifugo ya wenyeji.

Mwaka 1855 gavana wa New Mexico alimtambua Manuelito kuwa kiongozi mkuu, baada ya mzee Zarcillos Largos kuomba kupumzika. Cheo hicho kilikuwa kigeni kwa Wanavajo, ambao hawakuwa na mfalme wala mtemi mmoja. Kila eneo lilikuwa na wazee wake, na mzee aliongoza kwa ushawishi, si kwa amri. Wamarekani walitaka mtu mmoja wa kutia sahihi kwa niaba ya wote na wa kulaumiwa kwa niaba ya wote. Utaratibu huo ungezaa matatizo kwa muda mrefu.

Mwaka 1858 mkuu wa ngome alidai malisho ya karibu yawe ya jeshi pekee. Manuelito alikataa, akisisitiza kwamba maji, majani na ardhi vilikuwa vyake tangu kale. Askari wakaipiga risasi mifugo yake ipatayo 60. Kwa mfugaji, tendo hilo lilikuwa tangazo la vita. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1860, Manuelito na mwenzake Barboncito waliongoza wapiganaji wapatao 1,000 kuishambulia Fort Defiance. Walikaribia kuitwaa, lakini mishale na bunduki chache hazikuweza kushinda kikosi kilichokuwa nyuma ya kuta. Mwaka uliofuata Wamarekani waliihama ngome hiyo, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, na kwa muda mfupi Wanavajo wakadhani wameshinda.

Vita dhidi ya mashamba

Mwaka 1863 Jenerali James Carleton, kamanda wa New Mexico, aliamua kuwaondoa Wanavajo wote katika nchi yao. Aliamini kwamba ardhi hiyo ilikuwa na dhahabu, na kwamba wenyeji wangefunzwa kilimo na dini mpya kwingineko. Aliwapa hadi tarehe 20 Julai wajisalimishe, kisha akamtuma Kit Carson, mwelekezi mashuhuri wa nyika.

Carson hakupigana vita vikubwa. Alipigana na mahindi, kondoo na visima. Majeshi yake yalichoma mashamba kabla ya mavuno, yakachinja mifugo, yakateketeza nyumba. Januari 1864 yaliingia katika Canyon de Chelly, bonde lenye kuta ndefu za mawe ambalo Wanavajo walilitegemea kama kimbilio la mwisho. Baadaye mwaka huohuo askari walirudi humo na kukata maelfu ya mipichi iliyokuwa imetunzwa kwa vizazi. Mti wa matunda hauna silaha, lakini unamwambia mtu kwamba hapa ni kwake. Ndiyo maana ulikatwa.

Njaa na baridi vilifanya kazi ambayo risasi hazikuweza. Maelfu walijisalimisha, wakapelekwa kwa miguu hadi Fort Sumner, katika eneo liitwalo Bosque Redondo, mwendo wa takriban kilomita 500 au zaidi kutegemea njia iliyopitwa. Tukio hilo linajulikana hadi leo kama Safari Ndefu. Wazee na wagonjwa walioshindwa kutembea waliachwa njiani, na simulizi za familia zinawakumbuka wanawake wajawazito waliouawa kwa sababu walichelewesha msafara. Wengine walizama walipovuka Mto Rio Grande.

Kambi ilikuwa imeandaliwa kwa watu 5,000, lakini waliofikishwa huko walizidi 8,000, pamoja na mamia ya Waapache wa Mescalero. Maji ya Mto Pecos yalikuwa na magadi, yakawaumiza matumbo. Kuni zilikwisha, watu wakatembea masafa marefu kuchimba mizizi ya vichaka ili wapate moto. Mahindi waliyopanda yaliliwa na viwavijeshi mwaka baada ya mwaka. Serikali iliwagawia unga na buni, vitu wasivyovijua. Wengine walizichemsha buni kama maharage na kuzila. Zaidi ya watu 2,000 walikufa katika miaka minne ya kambi hiyo.

Mtu wa mwisho kutoka milimani

Manuelito hakwenda. Akiwa na familia yake na wafuasi wachache alijificha upande wa magharibi, akihama kutoka bonde hadi bonde. Mwanzoni mwa 1865 jeshi lilimtumia wazee wa Kinavajo waliokwisha kujisalimisha ili wamshawishi. Aliwajibu kwamba mama yake na Mungu wake walikuwa upande wa magharibi na hatawaacha, kwamba hajamwibia mtu wala kumuua mtu bila sababu, na kwamba akifa, damu yake itamwagika katika ardhi yake mwenyewe. Wajumbe walirudi na habari hizo, na Carleton akaagiza akamatwe.

Kwa miaka hiyo Manuelito alikuwa zaidi ya mkimbizi. Watu waliokuwa kambini, waliokunywa maji ya magadi na kuwazika watoto wao, walijua kwamba nyumbani bado kulikuwa na mtu. Hata hivyo, ukaidi una gharama. Wafuasi wake walikula matunda ya porini na nyama ya farasi. Maadui wa jadi, hasa Waute, waliwavamia kwa kushirikiana na jeshi. Manuelito alijeruhiwa, mkono wake mmoja ukalemaa. Tarehe mosi Septemba 1866 alifika Fort Wingate akiwa na watu 23 waliochakaa, akasalimu amri. Alikuwa mtu wa miaka karibu 50, mrefu kuliko wengi, na kovu la risasi kifuani.

Kufikia wakati huo mpango wa Carleton ulikuwa umeshindwa. Gharama za kuwalisha wafungwa zilikuwa kubwa kuliko uvumilivu wa Washington. Mwishoni mwa Mei 1868 walifika wajumbe wa amani, Jenerali William Sherman na Samuel Tappan. Sherman alikuwa na pendekezo la kuwapeleka Wanavajo mashariki zaidi, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Barboncito, aliyekuwa msemaji mkuu, alisimama na Manuelito pamoja na wazee wengine kulikataa. Simulizi za Wanavajo zinaeleza kwamba kabla ya mazungumzo walifanya tambiko, wakamzunguka mbweha wa nyika na kumtazama ataelekea wapi. Mnyama huyo alielekea magharibi, wakajua watarudi.

Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Mkataba wa 1868 uliwarudisha Wanavajo nyumbani, jambo ambalo mataifa machache ya wenyeji wa Amerika yaliyofukuzwa yaliweza kulipata. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa imepunguzwa. Eneo walilotengewa lilikuwa takriban kilomita za mraba 14,000, sehemu ndogo tu ya nchi waliyoitumia hapo awali, na malisho mazuri ya mashariki yaliachwa nje. Serikali iliahidi kondoo na mbuzi 15,000, ng'ombe 500, mbegu na zana za kilimo, pamoja na mwalimu mmoja kwa kila watoto 30. Wanavajo kwa upande wao waliahidi amani ya kudumu, watoto kupelekwa shule, na kutopinga reli itakayopita katika nchi yao.

Mkataba ulitaja kilimo. Haukutaja maji ya kulimia yatatoka wapi.

Tarehe 18 Juni 1868 msafara wa watu zaidi ya 7,000 ulianza kurudi, ukitanda kwa kilomita 16 hivi. Baadaye Manuelito alisimulia kwamba siku na usiku vilionekana virefu mno kabla ya kufika. Vilele vya mlima wao vilipoonekana kwa mbali, walijiuliza kama kweli ni mlima wao, na wazee wakalia kwa furaha.

Furaha hiyo ilikutana na ardhi iliyoteketezwa. Nyumba hazikuwapo, mipichi ilikuwa visiki, na kondoo walioahidiwa waligawiwa mwaka 1869, wawili hivi kwa kila mtu. Hapo ndipo ulipoonekana uhodari wa watu hao, hasa wa wanawake. Waliweka marufuku ya kuchinja hata walipokuwa na njaa, wakaacha mifugo izaane. Katika muda wa miaka michache makundi yaliongezeka kwa maelfu mengi, na mablanketi yaliyofumwa na wanawake yakawa bidhaa iliyotafutwa na wafanyabiashara. Miongoni mwa wafumaji hao alikuwa Juanita, mke wa Manuelito, aliyesafiri naye na kuketi naye katika mabaraza.

Kulinda amani, kulinda mto

Manuelito aliyekuwa shujaa wa vita akawa mlinzi wa mkataba. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba vijana wachache wakiiba mifugo ya walowezi, watu wote watarudishwa Bosque Redondo. Mwaka 1872 alikubali kuongoza kikosi cha polisi wa Kinavajo kilichofuatilia wezi na kurudisha mifugo. Wengine walimwona kama mtu aliyegeuka upande wa pili. Yeye aliona kwamba vita vipya vingepiganwa kwa karatasi na mahakama, na aliyevunja karatasi kwanza ndiye angeshindwa.

Mwishoni mwa 1874 alisafiri hadi Washington pamoja na Juanita na wajumbe wengine, akaonana na Rais Ulysses Grant. Picha zilizopigwa katika safari hiyo ndizo zilizoufanya uso wake ujulikane duniani. Safari ilikuwa na mtego. Wakala wa serikali aliyewaongoza, William Arny, alitaka Wanavajo waiachie serikali sehemu ya kaskazini ya eneo lao, kando ya Mto San Juan, ili wapate ardhi nyingine kusini. Wachimba madini na walowezi walikuwa wanaimezea mate sehemu hiyo. Lakini San Juan ulikuwa mto wa uhakika kuliko yote, na wafugaji walijua kwamba ardhi pana isiyo na maji ni sawa na jahazi kubwa juu ya mchanga. Mpango huo haukufaulu, na mwaka 1875 viongozi wa Wanavajo, Manuelito akiwamo, walidai Arny aondolewe. Aliondoka.

Mifugo na watu walipoongezeka, eneo la mkataba halikutosha. Kuanzia mwaka 1878 marais wa Marekani walilipanua kwa amri kadhaa, kwa kiasi fulani kutokana na madai yasiyokoma ya wazee hao. Lakini mwaka 1881 reli ilifika, mji wa Gallup ukachipuka, na ardhi nyingi kando ya reli ikamilikishwa kampuni. Pamoja na treni zilikuja pombe, surua na maduka ya mikopo.

Kipindi hicho kina kivuli ambacho wasifu wa haki hauwezi kukiruka. Mwaka 1878, katika hali ya ugomvi wa mali na vifo vilivyokosa maelezo, tuhuma za uchawi zilienea, na watu waliotuhumiwa wakauawa. Manuelito alihusishwa na mauaji hayo pamoja na mzee mwenzake Ganado Mucho. Jamii iliyoporwa kila kitu ilimtafuta adui ndani yake, na viongozi wake hawakuizuia.

Shule iliyowameza wanawe

Mkataba uliahidi shule, na Manuelito aliichukulia ahadi hiyo kwa uzito kuliko waliyoiandika. Aliamini kwamba elimu ya wageni ndiyo ngazi ambayo watoto wa Wanavajo wangepandia kutoka katika unyonge, ili siku moja waisome wenyewe karatasi ambayo baba zao waliitia alama bila kuisoma. Wengi walikataa kuwatoa watoto wao. Yeye akaanza na wa kwake. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1880 aliwapeleka wanawe wawili katika shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, umbali wa maelfu ya kilomita.

Carlisle, iliyofunguliwa mwaka 1879, ilikuwa na lengo la kuufuta Uindiani ndani ya mtoto. Nywele zilikatwa, majina yakabadilishwa, lugha ya mama ikapigwa marufuku. Mabweni yalijaa, na kifua kikuu kilisambaa. Katika muda mfupi wana wote wawili wa Manuelito walifariki. Mzee huyo alidai watoto wa Wanavajo waliobaki huko warudishwe nyumbani.

Msiba huo ulimvunja. Alizidi kunywa pombe, ile ile aliyokuwa akiwaonya wengine dhidi yake, na zaidi ya mara moja alifungwa kwa ajili ya ulevi. Mwaka 1884 serikali ilimteua Henry Chee Dodge, kijana mkalimani aliyejua lugha zote mbili, kuwa kiongozi mkuu mahali pake. Hata hivyo, alipozungumza na vijana, akiwamo Dodge, hakuacha kuwahimiza wasome. Alikuwa amelipa gharama ya shule kuliko mtu yeyote, na bado hakuona njia nyingine. Alifariki karibu mwaka 1893, akiwa na umri wa takriban miaka 75, baada ya kuugua surua na homa ya mapafu. Juanita aliishi hadi 1910, akiwalea wajukuu na kuwasimulia yaliyopita.

Deni lililobaki

Leo ardhi ya Wanavajo ni zaidi ya kilomita za mraba 70,000, kubwa kuliko ya taifa jingine lolote la wenyeji wa Marekani, na watu walioandikishwa ni karibu 400,000. Kwa idadi na ukubwa, waliorudi kutoka Fort Sumner wameshinda. Lakini kila jambo alilopigania Manuelito limerudi kwa sura nyingine.

Kondoo walirudi kuchinjwa miaka ya 1930, safari hii kwa jina la kuhifadhi udongo, serikali ilipopunguza mifugo takriban kwa nusu. Wengi walipigwa risasi na kuachwa waoze mbele ya wenyewe. Kuanzia 1944 hadi 1986 takriban tani milioni 30 za madini ya urani zilichimbwa katika ardhi hiyo kwa ajili ya silaha za nyuklia na nishati. Wachimbaji hawakuambiwa hatari ya mionzi, wengi wakafa kwa saratani ya mapafu, na migodi zaidi ya 500 iliachwa bila kusafishwa. Tarehe 16 Julai 1979, huko Church Rock karibu na Gallup, bwawa la mabaki ya urani lilipasuka, likamwaga zaidi ya lita milioni 350 za maji ya sumu katika mto unaonywesha mifugo. Makaa ya mawe nayo yaliajiri maelfu na kuilipa serikali ya Wanavajo mapato, lakini kwa miaka 35 maji ya chini ya ardhi yalivutwa ili kuyasukuma makaa hayo katika bomba la kilomita 440. Mtambo mkubwa wa umeme ulipofungwa mwaka 2019, ajira zilikwenda nao. Chini ya nyaya zilizopeleka umeme katika miji ya mbali, ziko nyumba ambazo hazijawahi kuwasha taa ya umeme.

Juu ya yote, takriban theluthi moja ya kaya hazina maji ya bomba. Familia huyabeba kwa magari na mapipa kutoka mbali. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, watu walihimizwa kunawa mikono mara kwa mara mahali ambapo maji hupimwa kwa kikombe. Kufikia Mei mwaka huo, kiwango cha maambukizi kwa idadi ya watu kilikuwa kimelipita hata jimbo la New York.

Ndiyo sababu karatasi ya 1868 ilifikishwa mahakamani. Wanavajo walidai kwamba serikali iliyowarudisha katika nchi kavu na kuwaahidi kilimo ilikuwa na wajibu wa kuchukua hatua ili wapate maji. Tarehe 22 Juni 2023, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkataba huo hauilazimishi serikali kufanya hivyo. Jaji Neil Gorsuch, aliyewaandikia waliopinga, alirejea Bosque Redondo na maji yake machungu, akaeleza walivyouelewa mkataba wale walioutia alama. Mei 2024 Baraza la Wanavajo liliidhinisha makubaliano mapya ya maji pamoja na Wahopi na Wapaiute wa kusini wa San Juan, makubaliano yaliyohitaji pia idhini ya Bunge la Marekani na mabilioni ya dola.

Mwaka 1968, karne moja kamili baada ya mkataba, Wanavajo walianzisha chuo chao wenyewe, cha kwanza nchini humo kuendeshwa na taifa la wenyeji. Wanafunzi wao wanaofaulu vizuri hupewa ufadhili wa masomo wenye jina la Manuelito, na baadhi yao wamekuwa wanasheria, wahandisi wa maji na wanahistoria. Wanausoma mkataba ule kwa lugha zote mbili, pamoja na lile neno lililokosekana ndani yake.